Historia ya Bembea Niliyoiandika Mara Mbili

Jumatatu, 1 Septemba

Siku njema. Naiandika hivyo makusudi, ili watu wakija kutafuta siku mambo yangu yalipoanza kunyooka, waione.

Mama Mkwe alituita ofisini asubuhi, mimi na Shemeji. Akatuambia kwamba Jumamosi hii kampuni yake ya michezo ya watoto, Bembea, inatimiza miaka thelathini, na yeye anastaafu. Magoti yamegoma. Anataka kukaa kibarazani kwake atazame watu wakipita, asiulizwe tena na mtu yeyote habari za mipira ya plastiki. Siku hiyohiyo, mbele ya wageni, atamtangaza mkurugenzi mpya wa Bembea. Matawi yote manne! Trampolini zote, farasi wa kuzunguka, mabwawa ya mipira, na zile mashine za kunyakua midoli ambazo sijawahi kuziona zikinyakua kitu.

Wanaofikiriwa ni wawili. Kuna Shemeji, mwanawe wa kiume, meneja wa Tawi la Kwanza, mtu wa suti. Halafu niko mimi, mume wa binti yake, meneja wa Tawi la Pili, mtu wa mawazo. Niliporudi nyumbani nilimuuliza mke wangu kama anamwona mwingine wa tatu. Akasema labda mtu anayejua kazi. Sikujua anamsema nani.

Halafu likaja jambo lenyewe. Mama Mkwe anataka kijitabu cha kurasa kumi na sita, historia ya kampuni tangu mwanzo hadi leo, kila mgeni apewe nakala. Akauliza nani atakiandika. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Akakubali, kwa sharti moja: hatakisoma kabla. Anataka kukifungua Jumamosi pamoja na wageni. Shemeji alicheka, akasema niandike tu, mimi si nina nafasi, Tawi la Pili siku za katikati ya wiki hata nzi wanakuja wawili wawili.

Masikini hajui kwamba anayeandika historia ndiye anayegawa viti.

Jumanne, 2 Septemba

Utafiti. Nilikwenda kwa Fundi, ambaye yupo Bembea tangu siku ya kwanza. Nilimkuta chini ya farasi wa kuzunguka, miguu tu ndiyo ilikuwa inaonekana. Tulizungumza hivyohivyo, mimi na miguu yake, saa mbili nzima.

Kwa maneno yake, hapo mwanzo palikuwa na kamba moja na kipande cha ubao. Mama Mkwe na marehemu mumewe waliitundika uani kwa ajili ya watoto wao. Wiki ya pili watoto wa jirani wakaanza kupanga foleni mpaka jikoni. Mama Mkwe akakata maboksi ya sabuni, akatengeneza tiketi. Mwaka uliofuata wakapanga ghala lililokuwa la rangi, ambalo sasa ni Tawi la Kwanza, na kwa miaka miwili watoto wote waliocheza humo walirudi kwao na makalio ya kijani. Walikuja tu.

Halafu akaja Kifaru, vazi la mnyama la kuchekeshea watoto. Marehemu Baba Mkwe alilinunua vazi hilo kutoka duka la matairi lililokuwa linafungwa. Tumboni lilikuwa na maandishi ya kusifia matairi, Mama Mkwe akayashonea kizibao juu yake. Marehemu ndiye aliyekuwa wa kwanza kulivaa, na ndiye aliyeweka sheria. Aliye ndani ya Kifaru hasemi. Akikanyagwa hasemi, akiumwa na tumbo hasemi. Sababu ni kwamba kuna mtoto alimsikia Kifaru akiomba chenji ya soda, akalia siku mbili, hakurudi tena, na akaondoka na binamu zake kumi na mmoja. Na unachomwambia Kifaru hakitoki kwa Kifaru. Hiyo ni sheria ya pili.

Nilisikiliza yote nikagundua kasoro kubwa katika historia hii. Mimi simo. Naingia ukurasa wa tisa! Bembea ilipoanza nilikuwa darasa la nne katika mji mwingine kabisa.

Kasoro nimeirekebisha. Nimetia chumvi, kidogo tu, kama mpishi yeyote. Katika ukurasa wa pili mtoto mmoja mwenye akili anapita nje ya ua, anaitazama ile kamba, anashauri iwekewe ubao wa kukalia. Mtoto huyo ndiye leo Meneja wa Tawi la Pili. Bwawa la mipira, wazo langu. Tiketi, wazo langu. Kufungua Tawi la Nne juu ya benki, ushujaa wangu. Trampolini za Tawi la Nne kuangusha taa za benki siku ya kwanza, Shemeji. Mbali na hapo nimemtaja mara moja tu, ukurasa wa kumi na moja: "Meneja wa Tawi la Kwanza pia alikuwepo." Niliitazama sentensi hiyo kwa muda. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna ile.

Ukurasa wa tisa sikuutia chochote. Huo ni mwaka wa paa. Upepo ulichukua paa la Tawi la Kwanza, na tawi lilikuwa hilo moja tu. Mwezi huohuo Baba Mkwe akafariki. Wafanyakazi wakatafuta kazi kwingine. Shemeji alikuwa masomoni, mwendo wa siku mbili kutoka hapa, anasomea usimamizi wa hoteli. Mimi nilikuwa nimeoa karibuni, sina kazi, na kila niliyekutana naye aliniuliza nafanya nini siku hizi. Nikaingia ndani ya Kifaru nifiche uso, na huo ndio ukweli. Nikazunguka milango ya shule na vikaratasi vya matangazo, miezi saba, bila mshahara, na nilizimia mara mbili. Watoto wakarudi wakacheza chini ya turubai.

Nimeandika hivyo tu, mistari sita. Sijui kwa nini sikuongeza.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempelekea mchapaji kijitabu. Mama mmoja mkali, ana miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na zote mbili zilinitazama vibaya. Aliniambia mashine itaanza Ijumaa saa tano. Nikamwambia achukue muda wake, kazi kama ile si ya kuharakishwa.

Shemeji naye hajalala. Leo amempelekea Mama Mkwe kiti cha kuyumba kwa ajili ya kustaafia, chenye mto wa kuwekea magoti. Ameleta na mpiga picha. Nilimpongeza. Nilipofika nyumbani nilipiga teke ndoo.

Sasa wasiwasi umeniingia. Kitabu ni kizuri, lakini Mama Mkwe anafikiria nini? Usoni mwake husomi kitu. Mimi na yeye huwa tunasalimiana vizuri, tunaulizana afya, kisha mmoja wetu anakumbuka ana kazi. Mkwe ni mkwe. Huwezi kumuuliza mama wa mkeo kama anakupenda zaidi kuliko mwanawe.

Lakini Kifaru anajua! Kila Alhamisi mchana Mama Mkwe hukagua Tawi la Kwanza, kisha hukaa kwenye benchi karibu na farasi wa kuzunguka, Kifaru hukaa pembeni yake, naye Mama Mkwe humsimulia mambo yake yote. Amefanya hivyo tangu mumewe alipokuwa ndani ya vazi. Siku hizi aliye ndani ni Fundi, kwa sababu haaminiwi mwingine.

Nilimwomba Fundi anipe zamu yake ya kesho. Akakataa. Nikamkumbusha mgongo wake unavyomsumbua. Akafikiri, akakubali, lakini akaniuliza kama nitaweza kunyamaza. Nikamwambia mimi nasifika kwa kunyamaza. Akacheka mpaka akashika mkia wa farasi asianguke.

Alhamisi, 4 Septemba

Naandika nikiwa nimeloweka miguu.

Ndani ya Kifaru mnanuka miaka thelathini ya watu. Unaona kupitia puani tu, kwa hiyo dunia yote ni miduara miwili midogo. Mtoto mmoja alining'inia kwenye pembe. Mwingine alijifutia kamasi kwangu. Shemeji alipita akanigonga begani kwa rungu la karatasi, akaniambia nisimame wima, wateja wanaona. Sikusema neno. Nililiandika rungu lile moyoni.

Saa tisa Mama Mkwe akaja, akakaa kwenye benchi, nami nikamfuata nikakaa. Alinitazama kidogo, akatazama chini, akatazama farasi. Kisha akaanza kusema.

Alisema magoti yanamuuma na kwamba kiti cha kuyumba kinamtia kichefuchefu. Alisema anamkumbuka sana mumewe, hasa mchana kama huu, watoto wanapopiga kelele zile za kufurahi. Halafu akasema suala la mkurugenzi ameshalimaliza. Ni mkwe wake. Ni mimi! Alisema mwanawe anapenda kuitwa mkurugenzi, lakini mkwe wake anapenda mahali penyewe, na hivyo ni vitu viwili.

Nusura nisimame nicheze. Pembe iligonga nguzo.

Alingoja nitulie. Akaendelea kwamba hofu yake ni moja tu, mdomo wa mkwe wake. Mkwe wake hawezi kusimulia mvua bila kuongeza mafuriko. Alisema akifungua kitabu Jumamosi akakuta mkwe amejisifu hata kwa jambo moja ambalo halikuwa, ataufunga uamuzi wake mfukoni na hatautoa tena, kwa sababu kampuni ya watoto haiendeshwi na mwongo. "Aandike kilichokuwa," alisema. "Hicho tu ndicho ninachotaka kwake."

Akaipigapiga pembe, akaondoka polepole, akishika ukuta.

Mimi nikabaki pale benchini. Jasho la mwanzo lilikuwa la joto. Hili lilikuwa lingine. Kitabu kiko kwa mchapaji, na ndani yake mna mtoto mwenye akili anapita nje ya ua.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilifika kwa mchapaji saa nne na robo, nikihema. Mashine saa tano. Kurasa kumi na sita. Robo tatu ya saa! Nilimwambia kuna makosa madogo. Akauliza mangapi. Nikasema yote.

Alishusha miwani ya kichwani akavaa juu ya ile nyingine. Aliniambia hana muda wa kuandikiwa kitabu kipya mezani kwake, lakini kama tatizo ni majina, kompyuta yake inaweza kutoa jina moja na kuweka jingine mahali pake, kitabu kizima, kwa kubonyeza mara moja.

Hapo ndipo wazo liliponijia, na nakiri lilinijia likiwa zima. Kujisifu ni kosa. Basi nikijiondoa nitakuwa sina kosa. Lakini nikijiondoa, halafu sifa zote nikampa mshindani wangu, Mama Mkwe ataona mtu asiyejipenda hata chembe! Wapo wakurugenzi wangapi wa namna hiyo? Nilimwambia mchapaji kila penye Meneja wa Tawi la Pili aweke Meneja wa Tawi la Kwanza, na kila penye wa Kwanza aweke wa Pili. Akabonyeza. Historia ya miaka thelathini iligeuka kabla sijakohoa.

Nilipitia haraka. Mtoto mwenye akili wa ukurasa wa pili sasa ni Shemeji. Alikuwa na miaka mitatu wakati huo, lakini angalau alikuwa upande wa ndani wa ua. Bwawa la mipira, Shemeji. Taa za benki, mimi. Liwe liwalo.

Nikafika ukurasa wa tisa. Kumbe na pale kompyuta ilipita. Meneja wa Tawi la Kwanza ndiye aliyezunguka milango ya shule miezi saba, ndiye aliyezimia mara mbili.

Kidole kilisimama juu ya karatasi. Nilitaka kumwambia huu arudishe. Mchapaji akaniuliza aanze au asianze, kuna watu na kadi zao za harusi wanasubiri. Nikajiambia unyenyekevu wenye ukurasa mmoja wa kujisifu ni ndoo yenye tundu moja. Nikamwambia aanze. Nikaomba maji ya kunywa.

Ukurasa wa kumi na moja: "Meneja wa Tawi la Pili pia alikuwepo." Hata ilipogeuka, sentensi ile bado ni nzuri.

Wakati wa chakula cha mchana mke wangu aliuliza mbona naimba. Nikamwambia nimeandika kitabu kisicho na sifa hata moja ya uongo juu yangu. Akaniuliza, na juu ya wengine? Nikamwambia chakula kinapoa.

Jumamosi, 6 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye viti.

Tawi la Kwanza lilijaa, wageni kama mia mbili, viti vimepangwa kati ya farasi na bwawa la mipira. Vitabu viligawiwa mlangoni saa tisa. Nilikaa mahali ambapo ningeweza kumwona Shemeji akisoma. Ukurasa wa pili alikunja uso. Ukurasa wa tano alianza kutikisa kichwa taratibu, kwa kukubali. Alipofika wa tisa alitoa leso.

Alinifuata akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniambia mambo mengi alikuwa ameyasahau, lakini kadiri anavyosoma yanamrudia. Ule ubao wa bembea, kwa mfano, anaukumbuka kabisa, aliusema yeye. Saa kumi nilimkuta amezungukwa na wageni anawaeleza jinsi ndani ya Kifaru kulivyokuwa na joto mwaka wa paa. Nimemvika kilemba cha ukoka, na mwenzangu anauliza kama kipo na cha siku za kazi.

Kisha Mama Mkwe akasimama. Hakuwa amekifungua kitabu, kilikuwa kimefungwa mkononi mwake kama alivyoahidi.

Alisema hatachagua kwa damu wala kwa ndoa. Akasema kuna mwaka paa liliondoka, na mwezi huohuo akamzika mumewe, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaandika kibao cha kufunga biashara. Kuna mtu mmoja aliingia ndani ya vazi la marehemu bila kuombwa akatoka nje kwenda kuwatafuta watoto. Alifanya hivyo miezi saba, na hakuwahi kudai hata asante. "Aliyembeba Kifaru mwaka ule," alisema, "ndiye atakayeibeba Bembea. Sitamtaja mimi. Nataka kitabu kimtaje."

Akavaa miwani. Akafunua mpaka mwaka wa paa, ukurasa wa tisa.

Kati ya kuvaa miwani na kufungua ukurasa palikuwa na kama sekunde nne. Nilizihisi zote. Nilitaka kwenda kuzama kwenye bwawa la mipira.

Akasoma kwa sauti: Meneja wa Tawi la Kwanza. Akarudia mstari, safari hii kwa kidole. Fundi alikohoa huko nyuma kikohozi kirefu. Mama Mkwe akainua uso akanitazama juu ya miwani, akaniuliza mbele ya watu wote kama mwandishi ana hakika ndivyo ilivyokuwa.

Hapana, Mama. Ni maneno mawili, hata mtoto wa bwawani angeyatamka. Yalifika ulimini kabisa. Lakini kichwa changu, hiki kichwa changu, kiliniambia huo ni mtihani. Anataka kuona kama nitarukia sifa. Nikasimama. Nikaweka mkono kifuani.

"Ndivyo, Mama," nikasema. "Mimi pia nilikuwepo."

Mama Mkwe akafunga kitabu polepole, akamwita mwanawe mbele. Makofi. Shemeji alilia mpaka akashindwa kuhutubia. Watu wote walisimama isipokuwa Fundi na mke wangu. Mke wangu alikuwa ananitazama mimi, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Jumapili, 7 Septemba

Mama Mkwe aliniita kwake asubuhi. Kibarazani. Kiti cha kuyumba kimegeuzwa ukutani, alikuwa amekalia kigoda.

Hatukuulizana afya. Aliniambia Alhamisi alijua ni mimi tangu nilipopiga hatua ya pili. Fundi anatembea kama mtu anayetafuta msumari. Mwendo wangu anaujua, kwa sababu mwaka wa paa aliutazama kutoka dirishani kila asubuhi, miezi saba, na ndio uliomtoa kitandani.

Alisema miaka yote ametaka kunieleza hilo la mdomo wangu, lakini mtu humwambiaje mkwewe usoni. Aliponiona ndani ya vazi alimshukuru Mungu. Pale angeweza kusema, na mimi nisingeweza kujibu. Akasema yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza aliyowahi kuyamaliza.

Kisha akaniuliza angeniambia nini zaidi. Alisema niandike kilichokuwa. Na nilipokosea kuandika, aliniuliza mbele ya watu mia mbili ili nijibu kwa neno moja. Hakupandisha sauti. Magoti yalikuwa yamefungwa vitambaa.

Nililia. Sitaandika kwamba ni vumbi. Nililia kwa sababu alikuwa amenitaka mimi, mimi mwenyewe kama nilivyo, na sikujua kuna mtu anaweza kunitaka hivyo bila kuongezewa kitu. Alinipa kitambaa chake cha kichwani nijifutie.

Nilipotulia aliniambia mlango haujafungwa. Jumatano saa nne kuna mkutano wa wafanyakazi wa matawi yote. Nisimame, niseme ukurasa wa tisa si kweli, Kifaru nilikuwa mimi. Nisijifiche popote, niseme kwa mdomo wangu. Nikifanya hivyo atautengua uamuzi wake, aibu ataibeba yeye. Lakini baada ya Jumatano basi, mwanawe naye ni mtu, hawezi kumchezesha kama mdoli.

Sentensi moja. Nimempa neno langu. Nimerudi nyumbani nikamweleza mke wangu kila kitu, naye akanishika mkono tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Sijawahi kuwa mtu mpya namna hii.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefanya mazoezi ya ile sentensi mbele ya kioo cha stoo. Ina udhaifu.

Kwanza ni fupi mno. Pili, inasemwa na mimi. Mtu akijishuhudia mwenyewe nani atamwamini? Watasema naona wivu. Ukweli kama ule unahitaji shahidi, na bora awe shahidi asiye na maslahi.

Nimeandika barua. Kwa mkono wa kushoto, mwandiko usitambulike. Inatoka kwa "Mtoto wa Zamani", ambaye mwaka wa paa alikuwa na miaka saba. Siku moja Kifaru alivua kichwa kidogo apate hewa, mtoto akaiona sura ya kijana mrefu, mpole, mwenye dalili za uongozi. Jina hakulijua, angelijuaje, mtoto wa miaka saba. Jina limo humohumo kwa mwenye akili. Hadithi ilikuwa bado baridi kidogo, kwa hiyo Kifaru akamwokoa huyo mtoto na mbwa. Nilipoisoma tena nikaona mbwa mmoja ni jambo la kawaida. Nikaweka wawili.

Kurasa nne. Nimeitumbukiza kwenye sanduku la maoni la Tawi la Kwanza, ambalo hufunguliwa mkutanoni mbele ya wote. Mke wangu ameniuliza kama niko tayari kwa kesho. Nimemwambia zaidi ya tayari.

Jumatano, 10 Septemba

Mkutano umekwisha. Niandike upesi nikiwa bado nakumbuka kosa liko wapi.

Mama Mkwe alikuja na fimbo, akakaa mstari wa mbele. Alinitazama tulipoanza. Nikamtuliza kwa macho. Alinitazama tena Shemeji alipouliza kama kuna mwenye neno. Fundi alinisukuma kwa kiwiko mpaka mbavu zikaniuma, na mke wangu upande wa pili alinikanyaga. Sikusema. Ningesema ningeiharibu barua.

Sanduku likafunguliwa. Shemeji, kama mkurugenzi, akaisoma mwenyewe. Aliisoma vizuri, lazima nikubali. Alipofika kwenye kijana mrefu, mpole, mwenye dalili za uongozi, sauti ilianza kutetemeka. Alipofika kwenye mbwa alishindwa kuendelea. Akakaa chini, akafunika uso. Kisha akawaambia wafanyakazi wote kwamba yule mtoto anamkumbuka. Alikuwa na shati la bluu. Na wale mbwa anawakumbuka, wote wawili, mmoja alikuwa na sikio lililokatika, na jeraha bado analo, akakunja suruali kuonyesha.

Watu walipiga makofi wamesimama. Mama Mkwe alinitazama mara ya tatu. Alingoja kidogo. Halafu akachukua mkoba wake na fimbo yake akatoka, mke wangu akamfuata kumshika mkono, na hawakugeuka nyuma.

Iliniuma. Kifua bado kinaniuma, hapa stoo, kati ya magunia ya mipira.

Lakini nimefikiri kwa utulivu na kosa nimeliona. Barua ilikuwa fupi. Haikumfafanua kijana vya kutosha. Ya pili nimeshaianza, inatoka kwa mama wa yule mtoto, mwanamke mtu mzima anayeheshimika, aliyekuwa ng'ambo ya barabara akiona kila kitu. Mbwa watakuwa watatu.